Meneja Kwenye Foleni ya Kupekuliwa

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe tisa Juni, saa saba mchana, ndani ya kantini ya kiwanda cha mablanketi. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kikaoni, watu wanatafuna huku wanabishana, ndipo meneja wa zamu akaingia na fomu ya uanachama mkononi.

Wafanyakazi walimwita Bi Saa, kwa ile saa ya kupimia kasi yao aliyoivaa shingoni. Fundi wa mashine, mwenyekiti wa chama, alimwita majina mengine, lakini hayo ni ya chumbani kwake. Miezi minane sasa walikuwa wanapendana kwa siri.

— Mwenyekiti, naomba kujiunga.

Kantini ikacheka. Mmoja wa kitengo cha rangi akauliza kama tajiri mwenyewe naye yuko njiani, wamwekee kiti.

Sheria ya uanachama aliitunga Fundi kwa mkono wake: tajiri ana kiwanda, mfanyakazi ana mikono yake tu, na anayewaamrisha wenzake kwa niaba ya tajiri haingii. Aliitunga mwaka ule mkewe alipoumwa kazini, akaomba ruhusa ya kwenda hospitali, na meneja wa wakati huo akamwambia amalize zamu kwanza, ndio utaratibu. Zamu aliimaliza. Wiki hakuimaliza. Wakubwa na utaratibu wao! Haujawahi kulazwa wodini, haujawahi kuacha mgane.

— Una hisa humu kiwandani? Fundi akauliza.

— Sina hata uzi.

— Na barua za kutufukuza, nani anazisaini?

Bi Saa aliinamisha macho.

— Naletewa. Nasaini.

— Basi toka nje, mama.

Alilisema mbele ya watu wote, kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. Bi Saa akatoka taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

Saa tisa simu ya Fundi ikatikisika mfukoni. Ujumbe ulisema: "Asubuhi nimeletewa majina kumi na moja nisaini. La kwako ni la tatu. Nimekataa. Nilitaka nikatae nikiwa na watu nyuma yangu. Haidhuru. Kula vizuri."

Fundi aliizima mashine katikati ya kazi, kosa ambalo angemkaripia mwingine kwalo, akakimbilia getini.

Pale getini mameneja hupita bila kusimama. Wafanyakazi ndio hupanga foleni wapekuliwe, wasije wakatoka na blanketi tumboni. Bi Saa alikuwa kwenye foleni. Hakuna saa shingoni, wala umeneja tena. Mlinzi, aliyezoea kumpigia saluti, alikuwa anatoa vitu vyake kimoja kimoja: kanga, chanuo, kikombe cha chai cha Fundi mwenyewe. Aibu ilikuwa yake mlinzi.

Fundi akaenda kusimama nyuma ya Bi Saa.

— Mbona hukuniambia mapema?

— Ningekuambia, ungemtetea mpenzi wako. Nilitaka nitetewe kama mwenzenu.

— Nilikufukuza kwa hasira za mtu mwingine. Nisamehe.

— Najua ni za nani. Nilizijua tangu siku ya kwanza, na bado nilikuja.

Fundi akamshika mkono, mchana kweupe, foleni nzima ikiona. Mtu nyuma akakohoa, mwingine akasema kumbe mwenyekiti naye ana utaratibu wake. Fundi hakugeuka. Alimwambia Bi Saa kwamba kesho atasimama kantini aombe ile sheria ifutwe, na kwamba Jumapili, akikubali, ataenda kwa kaka yake kuposa.

Bi Saa alicheka, machozi yakimtoka.

— Kuposa nimekubali. Hiyo ya kantini ngoja kwanza. Mwaka jana niliwasainia wawili barua za kufukuzwa, dada wa kufuma na yule mzee wa stoo. Mikono ilikuwa yangu, na mimi nilikuwa mwajiriwa kama wao. Ukienda kuwauliza leo majumbani kwao, watasema mimi ni nani wao?