Nyota Iliyomfungia Graham Nje

"Ondoa mkono kwenye sahani yangu, kaka!"

Ndivyo Larissa Kowalchuk alivyomjua Graham Thiessen, kwenye foleni ya pierogi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi, soko la Forks, Winnipeg, Jumamosi yenye watu tele. Kijana mrefu, koti jekundu, miwani imejaa ukungu wa baridi. Kwenye begi lake ameandika jina la chumba cha soga mtandaoni ambacho Larissa alikuwa mlinzi wake, mwenye kuwafungia nje watukanaji. Larissa akamtajia jina lake.

"Kumbe wewe ndiye Larissa! Yule mkali?"

"Ndiye mwenyewe. Kaa vizuri."

Penzi likawaka, simu asubuhi, simu mchana. Larissa alijivunia mambo mawili: Graham, na miaka sita ya ulinzi bila kumfungia asiye na hatia.

Mwezi wa tatu wa penzi lao, mtu akaingia chumbani kutukana, akibadili jina kila dakika. Larissa akatazama anwani ya intaneti, ile namba ya laini isiyobadilika hata jina likibadilika. Ilikuwa ya nyumbani kwa Graham. Hata jina la kompyuta, linaloandikwa kando ya anwani, hakuliangalia. Mahali pa jina hilo akaweka nyota (*), alama ya kumfungia yeyote atokaye kwenye anwani hiyo, akafunga mlango.

Graham akapiga simu. "Mpenzi, mbona nimefungiwa?"

"Jiulize. Anwani haidanganyi."

"Umekula mezani kwa mama yangu, Larissa! Leo unaamini namba kuliko mimi?" Akakata.

Siku ya nne Larissa alikwenda kwa Graham kumrudishia sweta yake. Ngazini akakuta tangazo: jengo zima linatumia laini moja ya intaneti. Vyumba thelathini na viwili, anwani moja! Kosa la mlinzi aliyeanza kazi juzi. Aibu ikamshika, akarudi bila kubisha hodi.

Angeweza kumwomba radhi kwa siri. Lakini alikuwa amemwaibisha hadharani. Walinzi hupewa barakoa ya kuficha anwani zao. Larissa akaivua, akaingia chumbani anwani yake ikiwa wazi mbele ya watu mia mbili. Akafuta nyota, akaweka jina la kompyuta ya mtukanaji, afungiwe yeye peke yake. Kisha akaandika:

"Graham hana kosa. Kosa ni langu. Nilijiona najua, sikuuliza."

Graham, mlango ukiwa wazi tena, akaingia na kusoma. Simu ikalia.

"Vaa barakoa yako, mpenzi, utapata mafua," Graham akasema. "Na ile miaka sita?"

"Imeisha. Naanza kuhesabu upya, na sioni haya."

"Basi mwanamke wangu ni huyo. Nije na pierogi au na pete?"

Larissa akafuta machozi, akainua kidevu.

"Lete vyote, kaka. Na sahani yangu usiiguse."