Dada wa Dawati la Nyuma

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ndivyo tunavyoambiwa. Sawa. Ila ulimwengu una wakazi wengi, na si wote ni watu. Nisikilizeni, kisha mkawaulize watoto wenu nani anawashauri huko shuleni.

Chiriku alipoanza kidato cha kwanza, mama yake, fundi cherehani wa pale barazani, alimpa shauri moja tu huku akimkazia kifungo cha mwisho cha shati.

"Hilo jina la Chiriku liache hapa hapa nyumbani. Huko utumie la daftarini. Wakilijua watakutania mpaka umalize shule."

"Nimesikia, mama," akajibu mtoto, na kweli alishika. Jina lenyewe alilipata kwa mdomo wake. Alikuwa akila anaongea, akioga anaongea, na usingizini anabishana na watu.

Siku ya kwanza alirudi mbio. "Mama, nimepata dada wa kunielekeza! Anakaa dawati la nyuma kabisa. Kasema nikae naye, pale mwalimu hamwoni mtu."

"Huyo dada wa kidato cha ngapi?"

"Sikumuuliza."

Mama akaguna. Chiriku, asimuulize mtu swali? Tena sketi yake ilinuka chaki iliyolowa. Akaifua kwa sabuni, akaianika juani. Kesho yake ikarudi inanuka vile vile.

Kila siku dada alikuwa na neno jipya. Usinyooshe mkono darasani, wataona unajidai. Usicheke na wenzako, wanakuchimba tu. Maneno yenyewe si mabaya, mzazi gani hajawahi kuyasema? Lakini kila shauri lilipoingia, mtoto alipungukiwa na maneno. Wiki ya tatu alikuwa anajibu kwa kichwa. Mama akashuku mvulana, akapekua mkoba. Akashuku bangi, akamnusa mdomo. Mdomo nao ulinuka chaki.

"Mwanangu, nani kakufunga ulimi?" akamuuliza kwa sauti ya chini, mlango ameshaufunga.

Midomo ya Chiriku ikahangaika, kisha sauti ikatoka nyembamba, ya mgonjwa. "Dada kasema nisijichoshe. Yeye ataniitikia. Ananiuliza kila siku nyumbani mnaniitaje. Sijamwambia."

Gauni la mteja likabaki bila mkono mmoja. Kesho yake asubuhi mama alimfuata mwalimu wa darasa mlangoni.

"Mwalimu, mwanangu ameacha kusema."

"Binti yako?" Mwalimu akacheka. "Mama, labda huko kwako. Hapa anaitika hata sijamaliza jina. Simama dirishani usikie mwenyewe."

Akasimama. Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio, akaita la kwanza, nipo, la pili, nipo, na mama, macho ameyakaza kwa mwanawe aliyekaa peke yake nyuma, midomo imefumbwa, mkono umelala juu ya kiti kitupu cha pembeni na vidole vimebonyea kama vya mtu aliyeshikwa kwa nguvu, akasikia jina la mwanawe likiitwa, na kabla halijaisha, sauti ya Chiriku, ile ile ya kubishana usingizini, ikasema "Nipo!" kutoka kwenye kile kiti kitupu, na harufu ya chaki ikamjia puani huko huko nje, na darasani hakuna aliyegeuza hata kichwa.

Angefanyaje, maskini? Jina la daftarini lilishapata mwenyewe. Alibakiwa na moja tu.

"Chiriku! We Chiriku!"

Midomo ya mtoto ikaachana. "Abee, mama!"

Darasa zima likaangua kicheko. Chiriku akaparamia madawati, akamwangukia mama yake kifuani, analia na kusema kwa pamoja, mama naye analia, mtu angedhani wamefiwa. Wakaondoka bila kuaga. Nyuma yao kile kiti kikasogea taratibu, kikageukia dirishani.

Mchana ule nyumba ilirudi kujaa maneno. Chiriku alikuwa jikoni anaosha vyombo, anamsema mwalimu, anamsema paka wa jirani, anajijibu mwenyewe. Mama alikuwa barazani anamalizia lile gauni, anamshukuru Mungu, na aliapa hatamwambia tena mtoto huyu anyamaze. Hata ile sketi alishaichoma moto. Uzi ukamkatikia.

"Chiriku, niletee mkasi!"

"Abee!" akaitika Chiriku kutoka jikoni.

"Abee!" akaitika Chiriku kutoka chumbani.

Chiriku akatoka jikoni, mikono inachuruzika maji ya vyombo, akamsogelea mama yake mpaka sikioni.

"Mama," akanong'ona, "mimi sikumwambia."