Bakuli la Kachumbari

Nusanusa ilishusha mkonga wake mwembamba ndani ya bakuli la mti, ikavuta hewa. Bakuli lilikuwa limeoshwa mara nyingi hadi likang'aa. Hata hivyo mashine iliingiza nywele zake za kioo katika nyufa ambazo jicho halizioni, ikaanza kusoma vilivyosalia humo: chumvi, kitunguu, vijidudu, ngozi za watu.

"Inanusa kuliko mke wangu nikichelewa kurudi," alisema Inspekta Gwandu.

Daktari Mboni, aliyeiunda mashine hiyo, hakucheka. Kando yao alikaa Siwema, mikono yake ndani ya pingu. Wiki kadhaa zilizopita, ukoo wa mumewe ulisoma arobaini ya dada yake mama mkwe, na Siwema ndiye aliyekata kachumbari. Baadaye waliokula walianza kuugua mmoja mmoja. Shemeji yake, Hatibu, akafa. Mama mkwe, Bi Msina, alisimama uani mbele ya watu akasema mkwewe amemlisha mwanawe sumu. Nusanusa ingeona sumu, Siwema asingerudi nyumbani tena.

Serikali ilipotoa fedha za kuijenga mashine hii, ilitaka ifanye kazi mbili: iwatafutie madaktari vijidudu, na iwatafutie polisi watu. Ndiyo maana hapa Singida maabara na kituo cha polisi vilikuwa chini ya paa moja.

Taa ya kijani ikawaka.

"Hakuna sumu," alisema Mboni. "Ni homa ya matumbo."

Inspekta alishusha pumzi, akamfungua Siwema pingu. "Pole, dada. Sasa Daktari, hiyo homa ililetwa na nani?"

Jina lilikuwa tayari kwenye kioo cha mashine, limesomwa kutoka kwenye ngozi ya mkono iliyoshikamana na vijidudu. Nusanusa haikungoja kuulizwa. Sheria nayo ilitaka mtuhumiwa aonyeshwe kila kitu, kwa hiyo Siwema akasoma mwenyewe: Bi Msina. Vijidudu vilikaa mwilini mwake bila kumuumiza, pengine miaka mingi.

"Alitaka kuonja," Siwema alisema polepole. "Nikamtilia kiganjani. Akalamba, akasema chumvi haijakolea, akaongeza, akaichanganya kwa mkono uleule. Ndivyo afanyavyo siku zote."

"Lazima atibiwe," alisema Mboni.

"Atibiwe, Daktari. Lakini lazima aambiwe kwamba ni yeye?"

Mboni aliitazama mashine. Alikuwa ametumia ujana wake kuifundisha mashine kutaja majina. Namna ya kunyamaza hakuifundisha. Akamgeukia Inspekta.

"Kwangu hakuna jinai," alisema Gwandu, akichukua kofia yake. "La ugonjwa ni lako."

"Nitamwambia ana vijidudu, kama wengi waliokula pale," Mboni alisema hatimaye. "Hilo ni kweli. Lakini akiniuliza vilianzia kwa nani, sitamdanganya."

"Hatauliza. Ameshajijibu. Anajua ni mimi."

"Na wewe utaishi naye hivyo?"

Siwema alijisugua vifundo vya mikono, mahali pingu zilipobana. "Amezika mtoto, Daktari. Mimi nitazoea."

Mboni alizima kioo.

Bi Msina alikuwa kwenye benchi la ukumbini akingoja majibu, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Daktari alimweleza habari za vijidudu, naye akaitikia tu kwa kichwa. Hakuuliza. Siwema akamletea dawa ya maji ndani ya kikombe.

"Sinywi cha mkono wako," alisema mama mkwe.

Siwema aliinamisha kikombe. Alimimina matone machache kiganjani, akayalamba mbele yake.

"Chungu kidogo, mama. Lakini inanyweka."

Bi Msina alikitazama kile kiganja kilicholowa. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe. Midomo yake ilicheza kama anayetaka kuuliza jambo. Mboni, mlangoni, alijiweka tayari kujibu.

Lakini Bi Msina alinyoosha mkono, akapokea kikombe kutoka kwa mkwewe, akanywa chote.