Bawabu wa Laini ya Simu

Kila siku shule ilipotoka, Inkeri Kangas hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia maktaba ya mji, akakung'uta theluji viatuni, akaziweka glavu zake juu ya kipasha joto zikauke, kisha akaketi mbele ya kompyuta ya mfumo wa Unix nyuma ya rafu za ramani. Nyumbani angeharakia nini? Baba yake aliendesha mtambo wa kusukuma theluji barabarani, na huko kaskazini mwa Minnesota theluji ya Machi haina adabu. Baba alirudi jioni amechoka, wakala viazi na nyama kimyakimya, na kiti cha mama kilikuwa kitupu.

Mama yake alikuwa mpishi. Mgodi wa chuma ulipopunguza watu, kantini aliyopikia ikafungwa, naye akapata kazi ya mwaka mmoja kuwapikia wanasayansi katika kituo cha Ncha ya Kusini. Ndege ya mwisho ilikuwa imeondoka huko Februari, na nyingine isingetua mpaka baridi ya huko ipungue, mwishoni mwa mwaka. Barua za karatasi hazikwenda wala hazikurudi. Ilibaki barua pepe tu, na mwaka ule wa 1994 hapakuwa na mtu mjini kwao aliyekuwa nayo. Barua hizo zilifika kwenye kompyuta kubwa ya chuo kikuu, mjini Duluth, zikakaa pale mpaka mtu azipigie simu na kuzichukua.

Inkeri alikuwa na miaka kumi na miwili, na alimkumbuka mama yake sana. Alitamani hata kugombezwa naye.

Kompyuta ya maktaba ilikuwa na modemu, yaani kile kisanduku kinachogeuza maneno ya kompyuta yawe mlio unaopita kwenye waya wa simu. Lakini ilijua kupokea simu tu. Watu wenye kompyuta nyumbani waliipigia, wakasoma matangazo ya mji na kuachiana ujumbe. Kupiga yenyewe haikuweza, kwa kuwa haikuwa na programu ya kazi hiyo. Ndipo Bi. Saarela, mkutubi, alipoagiza programu kutoka chuoni, pamoja na sanduku la barua pepe kwenye kompyuta ya Duluth.

"Haya, diski hizi hapa," alimwambia Inkeri. "Macho yangu yamechoshwa na vijiherufi hivi. Ukifanikiwa kuiweka, utamwandikia mama yako. Nakupa na nenosiri la mkuu wa kompyuta. Lakini nisikilize vizuri, mwanangu. Ukiingia kama mkuu, kompyuta haikukatalii kitu. Hata ukiiambia ijiue, itajiua. Usibadilishe chochote bila kuniambia."

"Sawa, Bi. Saarela."

"Na usome maelekezo yote kwanza. Yote!"

"Nitasoma."

Alisoma kurasa mbili. Mwenye hamu ana subira gani? Alitia diski moja baada ya nyingine, akayafungua mafaili, akaiamuru kompyuta iiunde programu. Maandishi yakaanza kupanda kwenye skrini, yakapanda na kupanda, huku Dale Petrich, mwanafunzi mwenzake, akichungulia begani kwake akitafuna karanga.

"Kwani mama yako amekuwa pengwini siku hizi?" Dale aliuliza.

"Ncha ya Kusini hakuna pengwini, mjinga wewe. Pengwini wako pwani."

"Basi anampikia nani?"

"Anawapikia watu wanaosoma vitabu. Wewe asingekupikia."

Dale akacheka mpaka karanga zikampalia. Programu ilipokuwa tayari iliuliza maswali yake. Modemu imechomekwa kwenye tundu lipi? Izungumze kwa kasi gani? Ipige namba ipi? Inkeri akajibu yote, akaiamuru ipige. Jibu likaja kwa mstari mmoja: kifaa kinatumika.

Akajaribu tena. Kifaa kinatumika. Alipochunguza, akagundua kwamba ndani ya kompyuta kulikuwa na programu nyingine ndogo iliyokaa kwenye tundu lile lile kama bawabu mlangoni, ikingoja simu za kuingia. Bawabu huyo hakumpisha mtu. Jina lake lilikuwa kwenye faili linaloiambia kompyuta programu zipi ziamshwe. Inkeri akatazama huku na huku. Bi. Saarela alikuwa mbali, akiwasomea watoto wadogo hadithi. Akalifungua faili kama mkuu, akaweka alama ya reli, yaani #, mwanzo wa mstari ule ili kompyuta iuruke, na bawabu akazimika.

Alipopiga safari hii, modemu ilitoa mluzi, ikakwaruza, ikapiga kelele, kisha ikanyamaza. Imeshika! Inkeri aliandika barua yake harakaharaka, akaituma, akatazama kama kulikuwa na barua ya kwake. Hapakuwa na kitu.

Bi. Saarela alipouliza, Inkeri alijibu, "Imekubali, inapiga vizuri." Kuhusu bawabu hakusema neno. Alijiambia kwamba angemwamsha bawabu mara mama akishajibu. Kesho yake hapakuwa na barua, wala kesho kutwa. Kila alipokuta sanduku tupu, hamu ilizidi, na kila hamu ilipozidi aliiacha alama ya reli pale pale.

Alasiri moja, mlango wa maktaba ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia Mzee Oskar Ranta amejaa theluji mpaka kwenye nyusi. Mzee huyu aliishi peke yake nje ya mji. Baruti za mgodini zilikuwa zimeyaharibu masikio yake zamani, hivyo hakuweza kutumia simu kama watu wengine. Kompyuta yake ndiyo iliyokuwa simu yake. Kwapani alikuwa ameshika modemu iliyofungwa kwenye mfuko wa mkate.

"Imekufa!" alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiojisikia. "Kila siku napiga hapa, kila siku naandikiwa hakuna jibu, hakuna jibu! Kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Nimekaa juma zima bila kuongea na mtu. Mfamasia tunacheza naye sataranji kwa ujumbe, sasa atadhani nimekimbia kwa kuwa nashindwa!"

Bi. Saarela akamwandikia kwenye karatasi kwamba pengine waya umekatika kwa theluji.

"Waya hauna kasoro. Ni hiki kidubwana. Nakitupa, basi. Mpya sina uwezo nayo. Nimezoea kimya, nitazoea tena." Lakini kidevu chake kilitikisika.

Inkeri alihisi uso unamwaka moto. Angeweza kunyamaza, kisha aiondoe alama ile mzee akishaondoka, na mtu yeyote asijue. Lakini modemu isiyo na kasoro ingetupwa, na mzee angebaki bila sauti. Na akisema ukweli? Angenyang'anywa nenosiri, na pengine barua ya mama ilikuwa Duluth dakika ile ile. Kisha akamvuta mzee mkono wa koti mpaka mbele ya skrini, akaandika:

"Mzee Ranta, modemu yako ni nzima. Mimi ndiye niliyezima njia ya simu za kuingia. Nilitaka kumpigia mama yangu. Naomba unisamehe."

Mzee alisoma polepole, midomo ikimcheza. Bi. Saarela naye akasoma, akavua miwani.

"Inkeri! Nilikuambia nini mimi?"

"Usibadilishe kitu bila kukuambia," Inkeri alijibu, machozi yakimtoka.

"Mama yako si yule mpishi wa kantini?" Mzee Ranta aliuliza. "Aliyeoka mkate wa iliki?"

Inkeri akaitikia kwa kichwa.

"Mkate ule hata mimi ninaukumbuka," alisema mzee. "Lakini umenikosea, binti. Umenikosea sana."

Bi. Saarela akamwamuru Inkeri aiondoe ile alama pale pale. Bawabu akaamka, na kompyuta haikuweza tena kupiga. Nenosiri likabadilishwa. "Tutaanza upya," alisema, "na safari hii tutasoma mpaka ukurasa wa mwisho."

Zilikuwa siku ngumu. Inkeri alilala akiiwaza barua iliyomngoja mbali, asiweze kuigusa. Baba alipopata habari hakumpiga wala hakumfokea. Alisema tu, "Hata mimi namkumbuka, mwanangu," na hilo likamwuma zaidi.

Waliposoma maelekezo, karibu na mwisho waliikuta dawa. Kwenye diski mojawapo kulikuwa na bawabu mwingine, mwenye heshima. Programu inayotaka kupiga huacha alama kwamba laini ina mtu, na bawabu huyo akiiona hukaa pembeni. Simu ikiisha, alama huondolewa, naye hurudi mlangoni. Inkeri alimweka kwa uangalifu, akimweleza Bi. Saarela kila mstari kabla ya kuugusa. Mzee Ranta alikuwa wa kwanza kupiga. Akaingia, akamwachia mfamasia ujumbe wa majigambo, akatoka. Ndipo Inkeri alipopiga Duluth.

Sanduku lilikuwa na barua moja.

"Inkeri wangu, barua yako imenikuta mikono imejaa unga. Huku jua linazama, na halitachomoza tena mpaka Septemba. Nimeisoma barua mpaka nikaunguza mikate. Nani anakusuka nywele? Baba anakula? Niandikie kila kitu, hata upuuzi."

Inkeri aliisoma, akairudia, kisha akalia kwa sauti bila kumwonea mtu haya. Bi. Saarela alikaa karibu naye, akamshika bega.

"Kumkumbuka mama yako si kosa," alisema. "Nami ningemkumbuka. Lakini ukifunga mlango ili upite wewe tu, jua kuna mwenzako upande wa pili anabisha hodi, naye ana hamu kama yako. Ulikosea ulipoficha, ukapata heshima uliposema kweli ungali na la kupoteza. Na kazi, mwanangu, isome mpaka mwisho kabla hujaishika. Sasa mjibu mama yako, anakungoja."

Inkeri akafuta macho, akaandika: "Mama, nimekukumbuka sana. Lakini kwanza nikuambie kosa nililolifanya."