Tangi la Mafuta Halifichwi

Kwetu Leitrim, kaunti ya mashambani yenye baridi na mvua, kuna mambo mawili yanayoweza kumfanya mtu mwenye akili timamu apake rangi banda la mbwa. La kwanza ni harusi. La pili ni Misa ya zamu.

Misa ya zamu hutembea nyumba kwa nyumba. Mara mbili kwa mwaka, Padri huja kusali sebuleni kwa familia moja, na kijiji kizima humfuata. Watu huja kwanza kwa sala, pili kwa keki, na tatu kuangalia kama mapazia yako ni mapya. Oktoba hii zamu ilituangukia sisi, kina Guckian. Mara ya mwisho ilipofika kwetu, mimi nilikuwa bado sijui kusoma.

Niliporudi likizo kutoka shule ya bweni, sikuitambua nyumba. Mama yangu, Attracta, alikuwa juu ya ngazi akipaka dari. Baba yangu, Malachy, alikuwa chini, ameshika ngazi na kupokea matone ya rangi kichwani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Dervla. Vua viatu."

Bibi yangu peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Alikaa jikoni akimenya viazi.

"Pakeni rangi hata kuku," alisema. "Watu hawaji kuona kuta. Wanakuja kunywa chai yangu."

Alisema kweli. Chai ya Bibi hupikwa kwa maji ya kisima chetu, kilicho chini ya mteremko nyuma ya nyumba. Kisima kile kilichimbwa na babu wa babu yangu, na hakijawahi kukauka. Kiangazi kikiwa kikali, majirani huja na madumu. Bibi hajawahi kumnyima mtu, hata aliyemsema vibaya.

"Hasa huyo," husema. "Anywe, akumbuke."

Wengine wana mashamba makubwa. Sisi tuna kisima, na tunatembea vifua mbele kwa sababu yake.

Sasa, bomba la gesi halifiki kwetu. Nyumba zetu hupata joto kwa mafuta ya taa. Mafuta hukaa nje katika tangi la plastiki, hupita kwenye bomba jembamba, na kuingia kwenye boila. Boila huchemsha maji yanayozunguka ndani ya vyuma vya ukutani. Tangi letu lilikaa mbele ya nyumba, karibu na geti, tangu kabla sijazaliwa. Zamani lilikuwa la kijani. Siku hizi lilikuwa na rangi ya kitu kinachoumwa.

"Malachy," Mama aliita kutoka juu ya ngazi, "Padri akishuka kwenye gari, atasalimiana na nani kwanza?"

"Na mimi."

"Thubutu! Atasalimiana na lile dubwana."

Baba hakujibu. Hiyo ni dalili mbaya. Baba yangu akinyamaza, ujue kuna kitu kitahamishwa.

Jumamosi alilihamisha tangi. Mafuta yalikuwa yamebaki kidogo, kwa sababu Baba ni miongoni mwa wanaume wanaonunua mafuta siku boila inapoanza kukohoa. Alilivuta kwa trekta hadi nyuma ya nyumba, kwenye mteremko, mahali ambapo hata malaika Gabrieli angehitaji kuelekezwa. Alilisimamisha juu ya matofali manne ya saruji, moja kila pembe. Akaunga bomba. Akafuta mikono.

"Fundi ni nani hapa?" aliuliza.

"Ni wewe, Baba."

Mimi nami, kwa unyenyekevu mkubwa, nilitundika kibao juu ya tangi: MTAKATIFU TANGI, UTUOMBEE. Mama alikisoma, akacheka, kisha akanikimbiza na brashi ya rangi.

Jumatatu lilikuja lori la mafuta. Dereva wake alikuwa Concepta Mulvey, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Lori ni lake mwenyewe. Amejaza matangi ya kaunti hii kwa miaka mingi, na hilo atakuambia kabla hujauliza.

Concepta aliburuta mpira wake mrefu kuzunguka nyumba. Akalikuta tangi. Akasimama.

"Malachy! Hili tangi limekufa lini?"

"Nimelihamisha tu. Jaza, dada. Lita elfu moja."

"Sijazi."

"Umesemaje?"

"Sijazi hata kikombe."

Baba akawa mwekundu. "Padri anakuja Ijumaa ya wiki ijayo! Unataka atetemeke wakati wa mageuzo, kikombe cha divai mkononi?"

"Afadhali atetemeke yeye kuliko mlie nyinyi. Njoo hapa. Na wewe mwenye kibao, njoo usome kitu cha maana." Akageuka kwa Baba. "Ng'ombe wako mkubwa ana kilo ngapi?"

"Mia saba na kitu."

"Lita elfu moja za mafuta ni karibu kilo mia nane. Sasa mpandishe ng'ombe wako juu ya matofali manne, kila tofali mguu mmoja. Atasimama, kwa sababu ana mifupa. Plastiki ina mfupa gani? Umeshikilia pembe tu, tumbo linaning'inia hewani. Na tangi lenyewe ni zee, limepigwa jua na baridi tangu huyu binti hajazaliwa. Likining'inia, linapasuka."

Alipitisha mkono chini ya tangi. Mkono ukatoka unang'aa. Akaninusisha. Yalikuwa mafuta ya taa.

"Limeshapasuka," alisema. "Linadondosha."

"Matone tu hayo," Baba alisema.

"Na matone yanakwenda wapi, Malachy?"

Sote tuligeuka. Chini ya mteremko, katikati ya mawe yaliyoota majani, kilikuwa kisima.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikishusha kibao changu.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha viazi.

"Kisima changu?" aliuliza.

Mama alitoka mbio na ndoo ya maji ya sabuni.

"Weka chini hiyo!" Concepta alifoka. "Ukimwaga maji, unayasindikiza mafuta mpaka kisimani! Mafuta hayaoshwi, yananyonywa. Leteni maranda ya mbao. Leteni mchanga. Leteni hata ule wa choo cha paka!"

Nilileta wa choo cha paka. Paka hajanisamehe.

Tuliweka beseni chini ya ufa. Concepta alifunga vali na kuyahamisha mafuta yaliyobaki kwenye madumu safi yenye vifuniko. Tukamwaga maranda na mchanga penye unyevu, tukayaacha yanyonye. Kisha Baba akaanza kuchimba udongo wote ulionuka mafuta. Tuliulaza juu ya karatasi nene ya plastiki, tukaufunika kwa nyingine, ili mvua iliyokuwa imeanza kunyesha isiuoshe. Baba alichimba bila kusema neno, jasho na mvua vikimtiririka pamoja usoni. Ukimya wake safari hii haukuwa wa kuhamisha vitu.

"Msinywe maji ya kisima mpaka yapimwe," Concepta alisema. "Hata yasiponuka. Pigieni simu halmashauri, na bima pia. Leo, si kesho."

"Na kama yameharibika?" Bibi aliuliza.

Concepta hakumdanganya. "Mafuta yakiingia, Bibi, kisima kinaweza kukaa miaka hakinyweki."

Bibi alirudi jikoni. Jioni ile tulikunywa chai ya maji ya chupa kutoka dukani. Hakuna aliyeomba kikombe cha pili.

Mtu wa halmashauri alikuja asubuhi akachukua maji kwenye chupa zake. Udongo ulichukuliwa na lori maalumu. Tulichobaki nacho ni kungoja. Basi Baba alimwita Concepta jikoni, akamvutia kiti.

"Nifundishe," alisema. "Mwanzo hadi mwisho."

Concepta aliketi kama malkia. "Kwanza, sakafu ya zege. Nzima, imara, iliyonyooka, pana kuliko tangi, ili tumbo lote lilale. Pili, nunua tangi lenye kuta mbili, tangi ndani ya tangi. La ndani likivuja, la nje linadaka. Tatu, liwe mbali na kisima, na lisigusane na ukuta wa nyumba."

"Mahali palipo sawa ni pale getini tu," Mama alisema kwa huzuni.

"Basi liwe getini."

"Mbele ya Padri?"

"Mbele ya Baba Mtakatifu akija! Attracta, tangi unaloliona kila siku utaona ufa wake ungali mdogo. Unalolificha hulikagui. Na mwizi wa mafuta naye anapenda sana matangi yaliyofichwa."

Mama alikuna kichwa chenye rangi. "Haya. Litakaa getini."

"Sasa kununua," Concepta aliendelea. "Malachy, wewe unaagiza lini?"

"Boila ikikohoa."

"Ikikohoa imeshafyonza tope lililotuama ndani ya tangi. Tazama kipimo cha tangi kila wiki. Ikibaki robo, agiza. Na siku ya kujaza uwepo. Soma kipimo kabla sijaanza na baada ya kumaliza. Usinikubalie nijaze mpaka mdomoni, mafuta yanahitaji nafasi ya kutanuka. Halafu barabara hii ina nyumba saba. Kila nyumba inaniita siku yake, na kila mmoja ananilipa safari yake. Agizeni pamoja, kabla ya baridi, niwapunguzie bei."

"Mbona hukutuambia siku zote hizi?" Baba aliuliza.

"Hamkuniuliza. Mimi ni mfanyabiashara, si mmisionari."

Siku iliyofuata majirani walikuja na makoleo bila kuitwa. Kisima kile kilikuwa kimewanywesha wote. Walichanganya zege, wakalimwaga, na Baba akalinyoosha kwa pima maji, kile kijiti cha mafundi chenye kiputo cha kuonyesha usawa, huku Concepta akisimama juu yake kama mwalimu wa zamu. Tukaliacha likomae. Siku zile nyumba ilikuwa baridi kama kanisa Januari. Tulilala tumevaa kofia, na kitanda cha Bibi tulikihamishia jikoni, karibu na jiko. Hakulalamika juu ya baridi. Kila asubuhi alikwenda dirishani kutazama kisima, kisha akarudi kukaa.

Jumatano tangi jipya liliketi juu ya zege, na Concepta akajaza. Alhamisi simu ililia. Mama akapokea.

"Ndiyo. Ndiyo. Tutapima tena, ndiyo. Asante sana."

Akaweka simu mezani.

"Maji ni safi," alisema. "Hayakufika. Wametuambia tupime tena baada ya miezi mitatu, lakini tunaweza kunywa."

Bibi aliinuka, akachukua birika, akatoka nje mwenyewe. Nilitaka kumsaidia. Baba alinishika bega.

"Mwache," alisema. "Hiyo ni safari yake."

Ijumaa Padri Gilrane aliposhuka kwenye gari, alisalimiana na tangi kwanza. Mama alikuwa kando ya tangi, amevaa gauni la buluu.

"Tangi ni jipya, Padri. Litazame vizuri."

Sebule ilikuwa na joto hivi kwamba Padri alivua koti, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika parokia hii. Baada ya Misa, keki zilibaki zenyewe kwa muda. Wanaume wote walikuwa nje getini, na Baba alikuwa anagonga tangi.

"Huu ukuta wa kwanza. Wa pili uko ndani. Gonga, gonga, usiogope! Na hili zege, weka pima maji popote unapotaka."

Nyumba saba zilikubaliana palepale kuagiza pamoja. Ndani, Bibi alikuwa anamimina chai. Padri alikunywa kikombe, akanyoosha mkono apewe cha pili, kisha cha tatu.

"Mama Guckian," alisema, "maji haya mnayatoa wapi?"

"Kwetu," Bibi alijibu. Neno moja tu. Lakini alilisema akiwa amenyooka mgongo, na chumba kizima kilimsikia.

Zamu ijayo ni ya kina McGourty. Tangi lao liko nyuma ya banda la kuku, limefunikwa na maua, na liko juu ya matofali. Jumapili, bila kualikwa, Baba alivaa koti lake zuri akaenda kuwatembelea. Alipita katikati ya barabara, kichwa juu, pima maji mkononi, kama askofu na fimbo yake.