Sauti ya Thelathini na Moja

Mwalimu wa kwaya alifumba ngumi hewani, sauti thelathini zikakoma, na moja ikaendelea.

Ilitoka ndani ya pango la mwamba waliokuwa wameupa mgongo, nene na tulivu, kwenye noti ileile waliyoiacha. Wanafunzi wakaangua kicheko.

"Mwangwi huo," akasema Pipa, kijana wa besi aliyelipata jina hilo kwa kiwiliwili chake. "Tena unanishinda besi. Mwalimu, uandikishe chuo, mimi nikaogelee."

Wembe hakucheka. Yeye alikuwa kiongozi wa alto, na jina lake alilipata kwa ajili ya sikio lake: sauti ikishuka hata unywele mmoja, aliikata palepale. Mwangwi hufifia. Huu haukufifia. Alihesabu mapigo kumi na mawili, ndipo kando yake Kitinda, mdogo wake wa mwaka wa kwanza, akafumbua mdomo na kuanza kuiimba noti ile polepole. Sauti ya pangoni ikanyamaza.

"Unafanya nini wewe?"

"Alikuwa anaishiwa pumzi, dada," akanong'ona Kitinda. "Nimempokea." Kisha akaendelea kuiimba.

Kwaya ile ya chuo ilisifika kwa jambo moja: iliweza kushika noti moja mpaka wasikilizaji wakaanza kutazamana. Siri yake ilikuwa pumzi za zamu. Hakuna aliyeruhusiwa kuvuta pumzi kabla hajamsikia jirani yake ameishika sauti, na jirani akielekea kuishiwa, sharti apokewe. Jioni ile, juu ya mchanga ambao bado ulikuwa na joto la mchana, Kitinda alikuwa amekosea mara tatu. Mara ya tatu Wembe alimfinya mkono mbele ya wote.

"Usipumue mpaka upokewe. Ukinitia aibu tena, tamasha litakukuta kwa mama."

Mama mwenyewe hakutaka aje. "Huyu ana kifua," alisema asubuhi, akihangaika na zipu ya begi. "Nakukabidhi wewe. Unirudishie kama alivyo."

Nyumba ya wageni waliyoipanga kwa usiku mmoja ilikuwa na vyumba sita vya vitanda vya ghorofa na ukumbi mmoja wa kulia, wenye madirisha ya vioo yaliyotazama bahari. Taa ziliwashwa, sahani zikagongana, wenye nywele mbichi wakagombea taulo. Wembe aliketi mkabala na mdogo wake. Kitinda hakula. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, kama wa mtu anayepuliza chai, na kutoka kwake ilikuja harufu ya mwani uliooza na chuma kilichotolewa motoni.

"Kula, Kitinda."

Ndipo aliposikia. Chini ya vijiko, chini ya vicheko, noti ile ilikuwa bado inaimbwa.

Alizunguka meza akamwekea kiganja mgongoni, kama alivyozoea kumfanyia mazoezini. Mbavu zilikuwa zikishuka. Zilishuka, zikashuka, wala hazikupanda. Midomo ya mtoto wa mama yake ilikuwa imeingia rangi ya wino.

"Vuta pumzi. Kitinda, mimi dada yako nakwambia, vuta pumzi!"

Kitinda alitikisa kichwa taratibu, machozi yakimtiririka, kama anayeogopa kufinywa tena. Hakuwa amepokewa.

"Mdogo wetu bado yuko mazoezini?" Pipa alikuja na gilasi ya maji. "Mpe anywe huyu, atatupasukia." Akamgusa bega.

Mkono wa Kitinda, mwembamba hata saa yake ilimcheza kama bangili, ulimkamata Pipa ukosi, ukamnyanyua na unene wake wote na kumbamiza ukutani mara moja, mara mbili, mpaka mfupa wa bega ukalia mlio wa kuni kavu. Kisha meza ikapinduka, na sahani zikaruka, na wale waliokimbilia mlangoni waliukuta umebanwa kana kwamba bahari nzima imeuegemea kwa nje, na mwalimu alipokwenda mbele mkono wake wa kulia ukiwa juu, ule mkono ambao kwaya nzima iliuogopa na kuupenda, Kitinda aliushika kwenye kifundo akaupinda nyuma mpaka mifupa ikatokeza nje ya ngozi, bila kuikatiza noti, bila kupepesa macho, damu ikimtoka puani na kudondokea kwenye mdomo uliokuwa ukiimba.

Mpishi wa nyumba ile alitoka jikoni, upawa ukamponyoka. "Nani alilijibu lile la pangoni? Semeni upesi! Nani?"

"Mdogo wangu," akasema Wembe.

"Basi jini limepata mdomo. Litamwimba huyo mpaka aishe."

Na ndani ya noti, pasipo noti kukoma, sauti ya pili ikasema kwa ulimi wa Kitinda: "Nimeishika peke yangu tangu bahari haijafika hapa. Leo nimepokewa. Sirudi kwenye zamu."

Ubavu mmoja wa Kitinda ulivunjika. Wembe aliusikia wazi, kwa kuwa sikio lake halikuwahi kukosa kitu. Alimrukia mdogo wake. Kofi likamtupa juu ya vigae, jino likabaki sakafuni. Alitambaa juu ya vigae vya sahani akarudi. Kiwiko kikampasua nyusi. Akarudi tena, akamkumbatia kwa mikono na miguu, akaweka mdomo sikioni mwake, na kwa damu iliyomjaa kinywani akaiimba noti ile, safi, mahali pake hasa.

"Nimeishika," akasema kwa macho, kwa kuwa mdomo haukuwa wake tena.

Kitinda alivuta pumzi. Ilikuwa kelele ya kutisha, kama nguo inayochanwa, na Wembe hakuwahi kusikia muziki mtamu kuliko huo.

Kisha moto ukashuka kifuani mwake yeye. Aliiona mikono yake mwenyewe ikiokota kigae kirefu cha sahani na kukielekeza kwenye koo la mdogo wake aliyelala akitweta, na hakuwa na nguvu ya kuizuia zaidi ya nguvu ya mtu kuzuia kupiga chafya.

"Mpokeeni!" mwalimu akafoka akiwa chini. "Mmesimama kama nguzo? Anaishiwa, mpokeeni!"

Wa kwanza alikuwa Pipa, bega likining'inia. Besi yake ilitetemeka, ikakaa. Kigae kikamponyoka Wembe, naye akavuta pumzi. Akafuata msichana wa soprano aliyekuwa amejificha chini ya meza, kisha wawili wa teno, kisha wote, wakilia, wakishikana mikono, kila mmoja akipokea kipande cha ile sauti na kukipitisha kabla hakijamchoma, na jini, lililozoea kifua kimoja, likajikuta limetawanywa katika vifua thelathini; likavunja vioo vyote kwa pigo moja, likawapigisha vichwa ukutani, likawang'atisha ndimi zao wenyewe, nao hawakuachia, wakapokezana kama walivyofundishwa, macho yao yote yakimtazama mtu mmoja.

Mwalimu alijaribu mkono wa kushoto. Hakuna aliyekoma, mkono ule hawakuujua. Basi akaunyanyua wa kulia kwa kutumia wa kushoto, mifupa ikiwa nje, akaufikisha juu ya kichwa chake. Vidole havikutaka kujikunja. Alipiga ukelele, akavikunja.

Sauti zote zikakoma kwa pamoja, pasibaki wa kuipokea noti.

Kimya. Mawimbi tu, na Kitinda akipumua.

Alfajiri walipanda basi, wenye bandeji mbele, wazima nyuma. Wembe aliketi dirishani, kichwa cha mdogo wake kifuani pake, akihesabu kila pumzi iliyoingia na iliyotoka, akipanga maneno atakayomwambia mama. Atamrudishia na ubavu uliovunjika, lakini atamrudishia.

Jambo moja tu lilimkereketa. Ngumi ya mwalimu ilipofumbwa, yeye hakuwa akiimba. Zamu yake ilikuwa imekaribia. Alikuwa ndiyo kwanza amejaza kifua, tayari kupokea. Wenzake walikatwa. Yeye alikuwa na nini cha kukatwa?

Basi lilipanda kilima, bahari ikatoweka nyuma yao. Kitinda alijigeuza usingizini, akasukuma kifua cha dada yake kwa kiganja, kama mtu anayesogeza mto usiomstarehesha.

"Dada," akanung'unika, "acha kuimba. Nataka kulala."

Wembe alipandisha mkono wake polepole akajigusa mdomo. Ulikuwa umefungwa.