Mteja wa Brugge

Maji yalianza Jumanne asubuhi, chini ya kiti cha dirishani.

"Yaya Colette, iko maji," alisema Goreth, msichana Mrundi aliyesuka naye na kumwita yaya, yaani dada mkubwa. "Yananuka mfereji."

Bomba lilikuwa kavu. Colette akapangusa sakafu. Saluni ile ya Albert Park, Durban, ndiyo mali pekee aliyoipata tangu atoke Bukavu.

Mwishoni mwa juma lililotangulia alikuwa Ubelgiji. Dada yake alimtembeza katika mji wa kale wa Bruges, ambao wenyeji huuita Brugge. Kando ya daraja la mfereji Colette alimkuta bibi wa Kizungu, nywele ndefu zimelowa mgongoni. Mikono ya msusi haitulii. Akaomba, akaanza kumsuka. Dada akaita kwamba treni inaondoka, naye akakiacha kichwa nusu. Kwa wasusi wa kwao hilo ni mwiko: kichwa ulichokianza hukimaliza, au hukifumua kabla hujaondoka.

"Ulikuwa unasuka nini pale?" dada alimuuliza ndani ya treni. "Mimi niliona unasuka hewa."

Sasa kila aliyekikalia kiti cha dirishani alihisi vidole vya baridi vikipapasa kichwa chake, taratibu, msuko baada ya msuko, kama mtu anayetafuta kitu chake katika nyumba ya mwingine, na mteja alipofika kwake alikuta misuko ya upande mmoja imefumuka na mto wa kulalia umelowa maji ya mfereji. Wateja wakakimbia. Mchungaji Josias alikuja kuomba, akatoka viatu vimelowa, bila kusema amina.

"Tufunge, yaya," Goreth alinong'ona. "Tuhame."

"Eish! Bunduki zilinitoa Bukavu. Maji hayatanitoa hapa."

Mchana wa Ijumaa, Colette alikigeuza kiti kielekee kioo.

"Wewe bibi wa Brugge! Keti. Nikumalize, utoke kwangu."

Kiti kikabonyea. Kiooni hapakuwa na mtu, lakini mikononi mwake nywele zilikuwa nzito, za baridi. Akasuka, akakaza, hadi ncha ya mwisho. Kiti kikainuka. Mlango ukafunguka, ukajifunga.

"Amekwenda!" Goreth alicheka huku analia.

Mlango ukafunguka tena. Nyayo za maji zikaingia, kubwa na ndogo, na viti vya wateja vikabonyea kimoja kimoja.

Colette alikunja na kukunjua vidole vilivyokufa ganzi, akachukua kitana.

"Waambie wasubiri," alimwambia Goreth. "Na waambie hapa ni kwangu. Jumapili tunafunga."